Siku Moja Kazini: Kusaka Namba za Matoleo

Saa 2 asubuhi, Ngamiani, Tanga. Seva ya mteja anayesafirisha mizigo bandarini inakaguliwa: kila programu iliyomo ni toleo gani? Tunanakili faili kwanza, seva yenyewe haiguswi.

Saa 3. Ruwaza (regex, yaani kielelezo cha kutafutia maandishi) ya kuanzia ni `[0-9]+\.[0-9]+\.[0-9]+`: tarakimu, nukta, tarakimu, nukta, tarakimu. Mkwaju wa nyuma, `\`, kabla ya nukta ni lazima. Ukiuacha, nukta inakubali herufi yoyote, na tarehe 2024-05-11 inahesabiwa kuwa toleo. Hata ukiuweka, anwani 192.168.1.10 inaleta 192.168.1. Tunazuia tarakimu au nukta isitangulie, na tarakimu au nukta yenye tarakimu isifuate: `(?<![0-9.])` mwanzoni, `(?!\.?[0-9])` mwishoni, kwa amri ya kusaka maandishi, `grep -oP`. Kizuizi hicho hutupa pia matoleo ya sehemu nne, ambayo ni mengi kwenye Windows, kwa hiyo yanasakwa kwa ruwaza yake.

Hadi saa 6 ni majina ya faili tu. `log4j-core-2.14.1.jar` inajitaja yenyewe.

Saa 7 simu inalia, ni bosi. "Kaka, namba tu hizo, kwani hazisomeki?"

"Zinasomeka, bosi, ila si kila namba ni toleo."

Anapiga tena kabla jasho halijakauka, na sasa tumefika OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, penye kazi hasa. Ndani ya programu iliyokwisha kompailiwa, maandishi yamejificha kati ya baiti zisizosomeka kwa macho. Unatoa maneno kwa `strings`, kisha unachuja kwa `OpenSSL [0-9]+\.[0-9]+\.[0-9]+[a-z]*`. Ile `[a-z]*` ndiyo roho ya kazi: 1.0.1f ina tundu la usalama liitwalo Heartbleed, 1.0.1g ya Aprili 2014 imeliziba. Ruwaza ikikata herufi, unabaki na 1.0.1, na hujui mteja yuko salama au la. Faili za Windows nyingi huandika toleo kwa UTF-16, baiti mbili kwa kila herufi, hivyo `strings` ya kawaida hailioni. Ongeza `-el`. Halafu Debian, mfumo wa Linux, huziba tundu bila kubadilisha namba ya asili: faili inasema 1.0.1e, kumbe imeshatibiwa. Hapo unauliza `dpkg -l`, orodha ya vifurushi vya Debian, na kusoma mkia wa namba ya kifurushi.

Jioni macho yamechoka. Orodha inapangwa kwa `sort -V`, maana mpango wa kawaida huweka 1.10 kabla ya 1.9. Kila mstari una njia ya faili, namba, na mahali ilipotolewa. Pasipo ushahidi tunaandika "halijulikani". Bosi anaomba tukadirie, tunamkatalia kwa heshima.