Sheria Ndogo ya Jumamosi

Mashine ya kusaga ya kijijini kwetu ilikuwa chini kidogo ya kanisa, ukivuka mfereji tu. Injini yake ilikuwa ya dizeli, na ikiwaka asubuhi ya Sabato, Jumamosi tunaposali sisi Wasabato, wakati wa lesoni, somo la Biblia, mwalimu alilazimika kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Sisi watoto tulishazoea. Wakubwa hawakuzoea. Mwaka 1996, baada ya miaka mingi ya kununa, waliona dawa imepatikana: tulikuwa wengi, serikali ya kijiji ilikuwa mikononi mwetu, basi itungwe sheria.

Kwa nini tulikuwa wengi, hilo lina historia yake. Kwetu ni Upare Kusini, wilaya ya Same, upande wa milima inakolimwa tangawizi. Wamisionari wa kwanza wa Kisabato katika nchi hii, Johannes Ehlers na A. C. Enns, waliotumwa kutoka Ujerumani, walipanda milima ile mwaka 1903 na kuanza kazi yao Giti. Walutheri wa misheni ya Leipzig walikuwa wametangulia Upare miaka michache nyuma. Ndiyo sababu mpaka leo unaweza kutoka kijiji cha Wasabato ukaingia cha Walutheri kabla jasho halijakukauka, na ukiteremka tambarare unapokewa na adhana. Babu yangu alikuwa akisema kwamba wazee wetu walichaguliwa dini na njia ya mguu iliyopita karibu na nyumba zao. Hakusema hivyo kwa kudharau imani. Yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, na sijamwona mtu aliyeishika Sabato kama yeye.

Babu ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa unabii. Alikuwa na kitambaa kirefu cha marekani kilichochorwa kwa rangi, alichokikunja kwenye fimbo na kukiteremsha ukutani nyakati za efoti, yaani mikutano ya injili, na makambi, ibada za siku kadhaa nje. Upande mmoja ilisimama sanamu aliyoiota Nebukadneza: kichwa cha dhahabu ni Babeli, kifua cha fedha ni Umedi na Uajemi, tumbo la shaba ni Uyunani, miguu ya chuma ni Rumi, na nyayo zake nusu chuma nusu udongo. Upande wa pili walikuwapo wanyama. Niliyemwogopa zaidi hakuwa yule wa vichwa saba. Nilimwogopa yule wa mwisho wa Ufunuo 13, anayepanda kutoka katika nchi, mwenye pembe mbili mfano wa mwana-kondoo, kisha akanena kama joka. Mchoraji alikuwa amempa uso mpole. Babu aliweka ncha ya fimbo kwenye kinywa chake na kusema, "Msimtazame pembe. Msikilizeni akinena."

Ijumaa jioni, makande yakiwa yameshaiva na kufunikwa kwa ajili ya kesho yake, alitusimulia yaliyokuwa nyuma ya kitambaa kile. Alianza na Kaizari Konstantino, ambaye mwezi Machi mwaka 321 aliamuru mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya jua, akawaruhusu wakulima waendelee na mashamba yao. Akaja kwa jenerali wa Kifaransa, Berthier, aliyeingia Roma mwaka 1798, na Papa Pius wa 6 akachukuliwa mateka. Lakini aliyoyapenda zaidi yalikuwa ya Marekani, kwa kuwa tuliamini yule mnyama ni Marekani, ambayo siku moja itawalazimisha watu kuishika Jumapili, na pembe zake mbili ni uhuru wa raia na uhuru wa dini. Mwaka 1888 seneta Henry Blair alipeleka bungeni muswada wa kuilinda Jumapili kwa sheria. Msabato mmoja, Alonzo T. Jones, akasimama mbele ya kamati ya Seneti mwezi Desemba kuupinga. Muswada ule ulikufa. Hata hivyo mwaka uliofuata, huko Tennessee, mkulima Msabato alishtakiwa kwa kulima shambani kwake siku ya Jumapili. Sisi tulioishi kwa jembe tulimwona kabisa yule mkulima, na udongo miguuni mwake, akipelekwa.

Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba hakuna mtu kijijini aliyeweza kusema hakufundishwa.

Nilikuwa likizo, kidato cha pili, na mwandiko wangu ulisifiwa. Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Aliniita nyumbani kwake jioni moja, akanipa karatasi za mistari na kalamu mpya, akasema nimsaidie kunakili rasimu ya sheria ndogo itakayopelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Nilivimba kichwa. Yeye alisema kwa maneno yake ya kawaida, "Andika hivi: biashara zote zifungwe siku ya Sabato, na mashine pia." Nikamwambia, baba mdogo, sheria haiandikwi hivyo, ngoja niipange. Nikaandika:

"Tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, mtu yeyote ndani ya mipaka ya kijiji asiweze kununua wala kuuza, wala kusaga nafaka, wala kupakia mzigo. Atakayekiuka atatozwa faini ya shilingi 5,000."

Baba mdogo alisoma mara mbili, akanipiga begani. Mimi niliipenda sana ile "asiweze kununua wala kuuza". Ilikuwa na mdundo. Sikujiuliza nimeitoa wapi.

Mkutano ulifanyika Jumapili, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wanaume walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, akina mama kwenye majani wamenyoosha miguu, watoto juu ya ukingo wa mfereji. Mtendaji wa kijiji, Mlutheri aliyehamishiwa kwetu hata mwaka haujatimia, alisoma rasimu kwa sauti isiyo na rangi yoyote. Nilipomsikia akitamka maneno yangu mbele ya watu wote nilijisikia nimekuwa mtu mzima.

Wa kwanza kusema alikuwa mwenye mashine, Mwislamu kutoka tambarare, aliyeoa kwetu na kukaa zaidi ya miaka kumi. Hakuwa mtu wa maneno. Alisema Jumamosi ndiyo siku Walutheri wa ng'ambo ya bonde wanapopanda na mahindi yao, maana Jumapili wapo kanisani na siku nyingine wapo mashambani. Akaongeza, "Mimi Ijumaa mchana nafunga mashine naenda kusali. Mmeniona. Hakuna aliyeniamuru, na sijawahi kumwambia mtu asile ugali kwa sababu nipo msikitini." Akakaa. Mama mmoja mwenye kiduka alisema hoja yake ikazimwa na minong'ono. Vijana wa kwetu walianza kupiga makofi kabla hata kura haijaitishwa.

Ndipo Babu akanyanyuka. Tulidhani anakwenda kuifunga hoja, maana mzee wa kanisa angesema nini tena? Nilimwona baba mdogo akitabasamu.

"Mheshimiwa mtendaji," Babu alisema, "naomba unisomee tena kile kifungu cha kwanza."

Mtendaji akasoma.

"Mpaka pale kwenye kununua tu."

Akasoma: mtu yeyote asiweze kununua wala kuuza.

Babu akatugeukia sisi. Hakuwa na kitambaa chake wala fimbo, alikuwa na kofia mkononi. "Wanangu, nimewafundisha miaka mingapi? Nani ataimalizia hiyo sentensi?"

Pakawa kimya. Mfereji ulisikika. Kisha kutoka kwenye majani, bibi mmoja wa Dorkas, chama cha akina mama wa kanisa, ambaye nadhani mdomo ulijibu kabla ya akili kwa kuwa ameikariri aya ile tangu ujana wake, alisema polepole, "Isipokuwa ana chapa ile..." Akashika mdomo.

Nilihisi tumbo likishuka. Sasa nilijua nimeitoa wapi: Ufunuo 13, kwa yule mnyama wa pembe mbili, anayewatia watu chapa katika mkono wa kuume au katika uso.

Baba mdogo hakukubali kirahisi, na sitaki kumwonea, kwa sababu hoja yake niliisikia tena mara nyingi baadaye kutoka kwa watu waliosoma kuliko yeye. Alisema, "Mzee, yule mnyama anawalazimisha watu siku ya uongo. Hii ni siku ya kweli. Ni amri ya nne. Utafananishaje?"

"Unadhani Konstantino alidhani anatunga uongo?" Babu alimwuliza. "Na yule seneta wa Marekani, unadhani alikuwa mtu mbaya? Alitaka watu wapumzike, wamche Mungu. Jones alipoulizwa kama anataka Sabato yoyote isilindwe na sheria, alijibu ndiyo, hilo ni jambo kati ya mtu na Mungu wake. Hakusema leteni sheria ya Jumamosi. Mimi niliteremka Same mwaka 1945 na wenzangu kuikataa mbiru, ile kodi ya wakati wa mkoloni, tukalala nje kwa ajili ya haki. Sikulala nje ili nije kumtoza jirani faini kwa sababu hasali na mimi."

Mtu akapaza sauti kwamba Babu amehongwa unga. Wengine wakacheka. Mtendaji akaomba nafasi, akasema kwa taratibu zake zile zile kwamba hata tukipitisha, wilayani itarudi, kwa kuwa Katiba ibara ya 19 inasema kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na shughuli za jumuiya za dini ziko nje ya mamlaka ya nchi. Nilikumbuka alikuwa ameisoma rasimu yangu yote bila kusema neno hilo. Labda aliogopa. Alikuwa mgeni, Mlutheri, peke yake kati ya watu waliojaa uwanja, na sasa nikifikiria naona hofu yake ilitosha kuwa ushahidi dhidi yetu.

Baba mdogo hakuitisha kura. Alisema jambo liahirishwe. Halikurudi tena.

Tulipanda na Babu kwenda nyumbani, mimi nyuma yake. Tulipofika kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, maji yakiwa yamejaa mpaka ukingoni, nilimwambia kwamba maneno yale niliyaandika mimi, baba mdogo hakuyasema. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Danieli 3 unaijua?" Nikamjibu naijua: sanamu ya dhahabu katika uwanda wa Dura, vijana watatu, tanuru lililochochewa mara saba, mtu wa nne ndani ya moto. "Inaishia wapi?" Wanatoka, hata harufu ya moto haikuwapata. "Haiishii hapo," alisema. "Ukifika soma."

Nikasoma usiku ule kwa koroboi. Mfalme aliyewatupa wale vijana motoni anamwona Mungu wa kweli, anamsifu, kisha katika aya ya 29 anatoa amri: yeyote atakayenena kinyume cha Mungu wa Shadraka, Meshaki na Abednego atakatwa vipande vipande, na nyumba yake itafanywa jaa. Nilikuwa nimeisikia sura hiyo tangu chekechea ya Sabato, imeimbwa, imeigizwa, na hakuna hata mara moja tulipofika aya ile. Nebukadneza alikuwa amebadili mungu wake. Namna yake ya kutawala hakuibadili, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Shadraka na wenzake ndio waliomwomba amri hiyo.

Tangu siku ile nimesikiliza mahubiri mengi ya unabii, kijijini, Dar es Salaam, na sasa kwenye simu. Kidole kinaelekezwa Roma, kinaelekezwa Washington, kinaelekezwa kwenye vitambulisho na sensa. Mimi naiamini Ufunuo 13. Lakini sijasikia mhubiri hata mmoja akielekeza kidole kwenye mkutano wa kijiji ambako waumini wake ndio wengi, na kwa imani yangu hapo ndipo fundisho lile lilipopaswa kuanzia.

Babu alilipa. Mwisho wa mwaka kamati ya uteuzi ilipokaa, jina lake halikurudi kwenye orodha ya wazee wa kanisa. Hakuna aliyemweleza sababu, na hakuuliza. Alianza kukaa nyuma, karibu na mlango, pale injini ya mashine inaposikika zaidi, na tangu hapo mimi pia nilikaa huko kila nikirudi likizo. Mwenye mashine hakubadilika: Jumamosi aliwasha, Ijumaa mchana alifunga.

Makambi ya mwaka uliofuata yalikuwa na mhubiri kijana kutoka mjini, na kitambaa kipya chenye rangi kali. Siku ya Sabato alifika kwa yule mnyama wa pembe mbili. Alieleza vizuri sana, Marekani, sheria ya Jumapili, kununua na kuuza, na kila alipotua watu waliitika amina. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka chini ya mgrevilea. Babu naye aliitika amina, kwa moyo wake wote, nilimsikia. Kisha, bila kunitazama, akanishika mkono wa kuume, ule wa kuandikia, akaushikilia mpaka wimbo wa mwisho.