Mkia Usiojisokota

Nyumbani kwa bibi yangu, Busia upande wa Uganda, kulikuwa na mwembe mkongwe, na kwenye tawi lake la chini ikaota okidi, mmea wa maua unaokaa juu ya mti. Mvua zikikolea, ilitoa kikonyo kilichoinama chenye maua meupe, na kila ua lilining'iniza mkia mrefu kuliko kiganja changu. Katikati mkia ule ulijisokota, kama kile kijikamba cha mche wa boga kinachojizungusha kwenye uzio wa nyumba. Nilizoea kuunyoosha kwa vidole halafu kuuachia taratibu nione ukirudi kwenye mzunguko wake. Bibi alinikaripia kila mara. "Hiyo si nywele ya mtu, wacha kuivuta."

Jina la ua hilo nililipata baadaye sana, nikisomea elimu ya mimea: Aerangis kotschyana. Nilikuwa na furaha ya ajabu siku ile, na nadhani furaha hiyo ndiyo iliyonipofusha.

Mei 2012 nilipanda Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kuorodhesha okidi zinazoota kwenye miti ya kivuli katika mashamba ya kahawa, nje ya mipaka ya hifadhi. Kule juu ya Sipi wakulima wameacha miringaringa isimame katikati ya mikahawa, na matawi yake yamevaa kuvu na kijani cha kila aina. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee mmoja wa Kisebei, msafi wa Kiswahili kuliko mimi, maana huko Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu. Alinipokea vizuri ila kazi yangu aliitilia shaka. Kwake yeye kila kinachoota juu ya mti kinaunyonya.

"Mzee, hii hainyonyi," nilimwambia. "Imekaa tu. Maji yake ni ya mvua na umande, mizizi yake haiingii ndani ya gome." Nikamwonyesha mizizi minene ya kijivu, jinsi ilivyobadilika kuwa ya kijani nilipoimwagia maji kutoka kwenye chupa. Aliitazama kwa muda. Hakusema kitu, ila panga lake la kukwangulia matawi alilishusha.

Alasiri, kwenye mringaringa mmoja, nikaliona ua la nyumbani. Meupe, mikia inaning'inia, majani mapana yaliyogawanyika kidogo nchani. Moyo ulinipiga. Kabla hata sijaegemeza ngazi nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino: Aerangis kotschyana, mita 1,900. Nikakata kikonyo kimoja kati ya viwili, nikakilaza katikati ya magazeti, nikakaza mikanda ya ubao wa kukaushia. Mimea mingi huhifadhiwa hivyo na haipotezi mengi. Okidi ni tofauti: ua lake lina umbo la pande zote, na ukilibana unabaki na kivuli chake tu. Nilifundishwa hivyo, na ndiyo maana kwenye mkoba nilibeba chupa ndogo ya spiriti ya kutunzia ua zima. Siku ile sikuitoa hata mkobani. Kwa nini niitoe, na ua nalijua tangu utotoni?

Giza lilipoingia tulikuwa tumeketi jikoni, mahindi yanachomwa, mke wa Mzee akasema, "Limeamka." Nikamuuliza nini kimeamka. Akaelekeza kidevu mlangoni. Harufu ilikuwa imeingia, tamu na nzito, ambayo mchana haikuwepo kabisa. Ua hili hutoa harufu usiku kwa sababu mgeni wake ni nondo, na weupe wake nao ni wa kuonekana gizani.

Nikatoka na tochi, Mzee akanishikia ngazi. Nilipofika kwenye kikonyo kilichobaki, kidole changu kikaanza chenyewe ule mchezo wa Busia: nikashika mkia juu, karibu na ua, nikateremka nao nikisubiri pale unapojisokota. Nikafika mwisho. Hakuna kitu. Nikarudia kwenye ua la pili, la tatu. Yote sita yalikuwa laini kutoka juu hadi chini, yamepinda kidogo tu kama upinde.

Nilijaribu kujitetea. Labda bado machanga. Lakini ua la chini kabisa lilikuwa limeshaanza kunyauka, na mkia wake haukuwa na mzunguko wowote. Nikageuza tochi nyuma ya mkia mmoja, mwanga ukapenya, nikaona asali imesimama ndani kwenye ncha, kama zebaki kwenye kipimajoto. Halafu nikatazama mdomo wa ua, ile petali inayoelekea chini. Wa Busia umebanwa kiunoni kama gitaa, na kwenye koo lake kuna matuta mawili madogo. Huu wa Kapchorwa haukuwa na kiuno. Ulikonda taratibu mpaka ukawa ncha ndefu kali.

"Unatetemeka, binti. Umeumwa na kitu?"

"Hapana, Mzee. Nimeliita jina la mwenzake."

Lilikuwa Aerangis brachycarpa. Jina lake la pili, lenye asili ya Kigiriki, lina maana ya tunda fupi, lisilokusaidia lolote ukiwa juu ya ngazi unatafuta mkia. Hata mwinuko ulipaswa kunishtua: la Busia hupenda nchi za chini zenye joto, na hili ni la baridi ya mlimani. Namba 1,900 niliiandika mwenyewe, pembeni mwa jina lisilostahili.

Nikashuka, nikafungua magazeti kwenye mwanga wa taa ya jikoni. Maua niliyoyabana mchana yalikuwa yameshalainika na kuwa kama karatasi iliyolowa. Mikia ilikuwa imelala bapa, mmoja umekunjika katikati pale mkanda ulipoubana. Kama ningeupeleka hivyo kwenye hebaria, ghala la vielelezo vya mimea iliyokaushwa, na jina nililoandika, mtu angeutazama ule mkunjo na kuuona kuwa ndio msokoto. Hilo liliniumiza kuliko kosa lenyewe. Kielelezo hukaa kabatini miaka mia na zaidi, na anayekuja nyuma hana mringaringa wa kurudia usiku.

Nikapanda tena, safari hii na chupa ya spiriti. Nikachukua maua mawili tu, nikayazamisha moja moja. Mkia wa la kwanza niliupima kabla sijauingiza: sentimita 16, kwa rula, bila kuhitaji uzi. Wa Busia usingeupima bila uzi.

Mzee aliniuliza kama haya mawili ni ndugu. Nikamwambia ni ndugu wa ukoo mmoja. Akafikiri. "Na nondo anawajua?" Nikamwambia sijui kama nondo wao ni mmoja. Akasema basi tuzime tochi tungoje.

Tulikaa chini ya mti mpaka baridi ikatushinda. Mke wake alituletea blanketi na chai ya maziwa, akaketi nasi. Nondo hakuja, au alikuja tusimwone. Asubuhi nikakata ule mstari wa wino mara moja, ili lile jina la kwanza liendelee kusomeka, nikaandika la pili chini yake, na tarehe.