Mashina Kumi na Moja ya Meursault

Babu yangu mzaa mama alikuwa na ekari mbili za mizabibu Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa ukitoka Dodoma mjini. Mpaka wake na jirani ulikuwa mstari wa minyaa. Mwaka fulani minyaa mitatu iling'olewa usiku, na shauri lake likafika hadi baraza la kata. Natanguliza hilo ili ieleweke kwamba siku nilipovuna zabibu za watu huko Ufaransa, sikuwa mtoto wa mjini asiyejua mpaka ni kitu gani.

Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 2015. Nilikuwa nasoma Dijon, pesa ya kujikimu imechelewa kama kawaida yake, na mwenzangu wa bwenini, kijana wa Lubumbashi, akaleta habari kwamba Meursault, kijiji cha mizabibu kusini mwa Dijon, wanatafuta wavunaji. Malipo yalikuwa kima cha chini cha serikali, mwaka ule yuro 9.61 kwa saa kabla ya makato, na chakula cha mchana juu yao. Tukapanda treni ya alfajiri. Ukienda kusini vilima vyote viko mkono wa kulia, na vijiji ambavyo majina yake yamebandikwa kwenye chupa za bei mbaya vinapita kimoja kimoja: Gevrey, Vougeot, Nuits. Treni haina habari navyo, inasimama na kuondoka.

Nilitegemea kuona shamba. Nilichoonyeshwa ni mistari tisa. Mstari na mstari umbali wake ni kama mita moja, shina na shina vilevile, hivyo hekta moja inabeba karibu mashina 10,000, na vishada vinaning'inia chini kabisa, karibu na goti. Unavuna umeinama kama anayepalilia karanga. Kati ya mwenye mistari yetu tisa na mwenye mistari iliyofuata hapakuwa na ukuta, waya wala minyaa. Palikuwa na jiwe moja tu kichwani mwa mstari, limezama kwenye nyasi.

Aliyetusimamia ni mama mzazi wa mwenye shamba, bibi wa makamo ya bibi yangu, ana mkasi wa kupogolea mfukoni hata wakati wa kula. Sote tulimwita Madame. Saa tatu asubuhi tulipopumzika kwa mkate, soseji na mvinyo (ndiyo, saa hiyo hiyo), alituonyesha mteremko kwa ncha ya mkasi. Juu yetu, ng'ambo ya kijia, ni Perrières, maana yake machimbo ya mawe. Pale tulipo ni Charmes. Kaskazini kidogo ni Genevrières, jina lililotokana na mireteni. Chini yetu ni mvinyo unaoitwa Meursault tu, bila jina la shamba. Ukivuka barabara kuu huko bondeni, ni mvinyo wa kawaida wa Bourgogne, yaani wa eneo lile zima. Ukirusha jiwe kutoka Perrières linaangukia Charmes, lakini bei haziko karibu hivyo.

Kila kipande kama hicho wao hukiita klima, na neno hilo halihusiani na hali ya hewa. Ni shamba lenye jina, mipaka yake na sifa yake. Julai ya mwaka ule ule UNESCO ilikuwa imeziingiza klima za Bourgogne, 1,247 kwa hesabu, kwenye orodha ya urithi wa dunia, na Madame aliisema namba hiyo kama mtu anayetaja idadi ya wajukuu. Alisema pia kwamba watawa wa abasia ya Cîteaux walipata mizabibu yao ya kwanza hapo Meursault mwaka 1098, kwamba Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa ardhi yao ikauzwa, na kwamba tangu sheria ya Napoleon ya 1804 watoto wote hurithi sawa. Kila mazishi yanakata shamba. Ndiyo maana ya mistari tisa.

Halafu akafika kwenye lile neno lao kubwa, terua: udongo, mwamba ulio chini yake, mteremko, jua la asubuhi kwa kuwa kilima kinatazama mashariki, na mkono wa mtu uliozoea mahali pale. Juu udongo ni mwembamba na mawe ya chokaa yako karibu, mzizi unahangaika. Chini udongo ni mzito na unakaa na maji. Na wao hawamwagilii. Mimi niliyekulia kwenye mabomba ya matone nilishangaa hilo kuliko yote. Alichuma zabibu mbili, ya kichwani mwa mstari na ya mkiani, tuonje. Mimi sikuonja tofauti yoyote. Mwenzangu akasema ameonja. Nadhani alitaka tu kupendwa.

Moyoni nikasema haya ni maneno ya kuuzia. Kwetu gari linapita, kreti za huyu na za yule zinamwagwa pamoja, na hakuna anayeuliza zabibu ipi ilitoka upande gani wa korongo. Isitoshe, tangu mdudu wa filoksera alipoangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, Chardonnay ile, aina ya zabibu tuliyokuwa tunaivuna, imepandikizwa juu ya mashina yenye asili ya Marekani. Udongo wa watawa, mizizi ya mgeni. Hilo sikumwambia Madame.

Kosa lilitokea baada ya chakula cha mchana. Mimi na yule wa Lubumbashi tulikuwa tumemaliza mstari wetu mapema, tukarudi kusaidia, huku tunabishana kwa Kiswahili kuhusu ugali upi ni ugali hasa, wa mahindi au wa muhogo. Mkono ukawa unakata, mdomo unabishana. Ghafla akanyamaza. "Yaya," akaniambia, maana mimi ni mkubwa wake kwa miaka miwili, "hii mustari haiko yetu."

Jiwe lilikuwa nyuma yangu. Kreti imefika nusu.

Nilifikiri ningechekwa. Madame hakucheka wala hakufoka. Alipita shina kwa shina akitazama vikonyo vibichi vilivyokatwa, akahesabu: kumi na moja. Kisha akampigia simu jirani. Alikuja mzee mwenye kofia ya kitambaa, akanipa mkono kwanza, ndipo akatazama kreti.

Kumrudishia hakukuwa na maana. Yeye alikuwa amepanga kuanza kuvuna Alhamisi, siku tatu mbele, na nusu kreti isingemngoja. Pesa hakutaka kuzisikia. Wakakubaliana haraka kwamba sisi tubaki na zabibu, na yeye aachiwe mashina kumi na moja katika mstari wetu wa pembeni, ambao haujavunwa.

Ugomvi ukaja kwenye mashina yapi. Madame akamwonyesha ya mkiani, ambako vishada vilikuwa vinono kuliko vyote. Mzee akakataa. Akasema huko maji yanatuama, zabibu ni kubwa lakini hazina kitu ndani. Yeye ameibiwa katikati ya mteremko, atalipwa katikati ya mteremko, uso kwa uso na pale zilipokatwa. Madame akasema hatua ishirini si safari. Mzee akasema kwa nini basi asimpe yeye za katikati, kama si safari. Robo saa nzima wazee wawili wenye magoti mabovu walipanda na kushuka mstari huo, wanachuma, wanatafuna, wanatema mbegu, wanachokonoa udongo kwa kisigino.

Nilisimama nimeshika mkasi wangu nikiwatazama. Pale hapakuwa na mteja. Hapakuwa na mtalii wala chupa ya kubandikia jina. Walikuwa majirani wawili wanaofahamiana maisha yote, wanagombea hatua ishirini za ardhi ambazo ulimi wangu haukuziona asubuhi. Neno la kuuzia huwa linamhitaji mnunuzi.

Mzee alishinda. Madame akafunga utepe mwekundu kwenye shina la kwanza na la kumi na moja, tukaruka hapo, tukamaliza mstari. Kabla ya kuondoka yule mzee alikamua zabibu moja ya kreti yangu kwenye kile kidude cha kupimia sukari, akachungulia akielekea jua, akaguna. Kesho yake asubuhi wavunaji wake walikuwa shambani. Alhamisi alikuwa ameiacha.

Jioni nilimpigia babu. Nilimweleza yote: jiwe, kreti, utepe. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Yale kumi na moja," akauliza, "ulihesabu mwenyewe au ulihesabiwa?"

Nikasema nilihesabiwa.

"Ehee," akasema babu, akaanza kuniuliza habari za masomo.