Vidole gumba viwili na kifaru kimoja

Juzi nimeirudia Halo: Spartan Assault, ile gemu ya kupiga risasi unayoicheza ukiangalia kutoka juu, na yaani kuna kitu mwaka 2013 ilipotoka sikukitilia maanani kabisa: hii gemu imetengenezewa vidole gumba ila utamu wake wote uko kwenye maus.

Ngoja nieleze. Halo tulizozizoea we uko ndani ya kofia ya Spartan, yani yule askari unayemchezesha, unaona mtutu wako na kinachokujia mbele, nyuma huoni kitu, ndo maana muda wote roho mkononi. Hapa kamera wameipandisha juu, unajiona kama kasisimizi kenye bunduki, Grunt, wale maadui wadogo, wakitokea kulia unawaona, Elite, wale wakubwa, akizunguka kushoto unamwona, mtu utasema basi imekuwa mteremko. Thubutu! Kwenye simu vijiti vya kuendeshea vimechorwa juu ya kioo, gumba la kushoto unatembea, la kulia unalenga na kupiga, sa ukishaweka vidole vyote viwili pale kipande kizima cha uwanja hukioni, afu kioo hakina pa kushika, kidole kinateleza pole pole mpaka unashtukia mtu wako kasimama tu anachakazwa. Mi nimekufa mara kibao kwa guruneti la plazima lililodondoka chini ya kidole changu mwenyewe.

Nikahamia PC. Aisee. Mkono mmoja kwenye kibodi mwingine kwenye maus, unarudi nyuma huku unapiga mbele, ngao ikiisha unajibanza nyuma ya jiwe mpaka ijae, unatoka tena. Na ukipewa Scorpion ndo usiseme, kile kifaru kinaenda upande wake na mzinga unaangalia upande mwingine, kwenye simu nilikuwa nagonga ukuta kama mlevi, kwa maus nazunguka Wraith, kifaru cha maadui, namtandika ubavuni hata hajageuka.

Hadithi iko kati ya Halo 3 na Halo 4, kina Sarah Palmer na Davis, Spartan unaowachezesha, inasimuliwa kama mazoezi ya kuigiza ndani ya meli ya Infinity. Nyembamba, mi naruka tu. Kinachoibeba ni ufupi wa misheni, dakika chache umemaliza, zilikuwa 25 afu nyongeza ya baadaye, Operesheni Hydra, ikaongeza 5, na we unajiambia moja tu nilale, moja tu nilale. Walioicheza kwenye Xbox wao walipewa na ya kucheza wawili dhidi ya Flood, wale viumbe vimelea, hapo nna wivu kidogo sikatai.

Kinachoniudhi ni lile duka. Kabla ya misheni unaruhusiwa kununua silaha nzito au nyongeza kwa pointi zako, na ilipotoka hata kwa hela halisi, na misheni ikiisha na silaha imeenda! Gemu yenyewe si nshainunua jamani, sa ile hela nyingine ilikuwa ya nini. Kwa hiyo nimejiwekea sheria, naingia na bunduki niliyopewa basi, tukifa tumekufa.

Sa hivi nimebakiza misheni nne ambazo nyota ya dhahabu imenigomea. Moja nimewasha mafuvu ya kuongeza ugumu ili pointi zipande, nimeirudia mara tisa, mara ya tisa nimekosa kidogo tu, na kilichoniua ni Grunt mmoja, wa mwisho, aliyekuwa anakimbia.