Kifaru Kizima, Lori la Vipande

Desemba 2014 nilikuwa Hannover, na mfukoni nina euro 250 zisizo na mwenyewe. Kodi ya nyumba imelipwa, ya kutuma nyumbani imetumwa, watoto wameshapata viatu vya baridi. Hizo 250 zilikuwa nyongeza ya mwisho wa mwaka kutoka kwenye ghala nilikokuwa nafanya kazi, na mke wangu alitamka kwa kinywa chake mwenyewe kwamba safari hii ninunue kitu changu, nisiwafikirie wao. Nadhani alikuwa na maana ya koti.

Mimi nilikuwa na maana ya kifaru.

Nilikuwa nakiona kila siku nikitoka kazini. Tramu ilipita mbele ya duka dogo la vifaa vya modeli, na dirishani palikuwa na kifaru cha rimoti chenye urefu wa kama nusu mita, rangi ya mchanga, mzinga wake umeelekezwa barabarani kana kwamba kinatusubiri sisi abiria. Kilikuwa Tiger, kile cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, kimepunguzwa mara 16. Wao wamekipa jina la chui milia, sisi chochote cha aina ile tunakiita kifaru, basi chuma kimoja kikabeba wanyama wawili. Cha kweli kilikuwa na tani 57 na mzinga wa milimita 88, na huku kwetu Afrika kilifika: kimoja kilitekwa Tunisia mwaka 1943, na mpaka leo kiko Bovington, Uingereza, na injini yake inawaka. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma usiku kwenye simu. Mtu akishafika hatua ya kusoma historia ya kitu kabla ya kukinunua, ujue ameshakinunua.

Tena nilikuwa na deni la kifaru tangu utotoni. Nimekulia Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, pale malori ya Tunduma yanaposimama kupumua baada ya kupanda Kitonga, ule mlima mkali wa kona. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, lakini hadithi zake bado zilikuwa za moto, na kila mtoto wa mtaani alitaka awe dereva wa kile kifaru cha Kichina kilichovuka mto Kagera. Hakuna aliyekubali kuwa Amin, ikabidi Amin awe mbuzi wa jirani. Mimi nilikuwa na lori la waya, semi kabisa, na tela lake linakata kona, matairi ya ndala, usukani mrefu wa fito. Nilikuwa nimelisuka wiki mbili. Siku moja nikalibadilisha na rafiki yangu kwa kifaru cha udongo chenye mzinga wa bua la mpapai. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Nililala nacho siku mbili. Siku ya tatu nikakisahau uani, mvua ikanyesha, na asubuhi nikakuta rundo la udongo na bua la mpapai limelala juu yake. Rafiki yangu alikatiza mtaa na lori langu mpaka alipomaliza darasa la saba.

Basi Jumamosi moja nikashuka kituo kimoja kabla ya kwangu, nikaingia dukani.

Mwenye duka alikuwa mzee mwenye miwani jozi mbili, moja machoni, nyingine imepanda kwenye paji la uso. Hakuniuliza nataka nini. Nilipokitazama kifaru, alikitoa dirishani, akakitia betri, akakiweka sakafuni na kunikabidhi rimoti.

Nikakiwasha. Kilikohoa kwanza, kama lori la asubuhi ya baridi, halafu injini ikashika na moshi mwembamba ukatoka nyuma. Nikakisogeza. Magurudumu yake yamepandana kama magamba ya samaki, na minyororo ilipita juu yake ikilia krr krr krr kwenye sakafu ya mbao. Nikakizungusha papo hapo, mnyororo mmoja mbele, mwingine nyuma. Nikageuza mzinga. Nikafyatua, kikatema kijirisasi cha plastiki kikagonga mguu wa meza, na mzee akainama kukiokota bila kusema neno, inaonekana ameshaokota vingi. Bei yake euro 200, na kila kitu kimo: rimoti, betri, chaja, moshi, risasi. Unakitoa kwenye boksi, kinakwenda.

Nilikiendesha dakika kumi, labda kumi na mbili. Nilikwenda mbele, nikarudi nyuma, nikazunguka, nikafyatua. Kisha nikaenda mbele tena. Hapo ndipo nilipojikuta nawaza nifanye nini kingine, na hakikuwepo. Nikamuuliza mzee kina gia ngapi. Akacheka. Akaniambia Tiger ya kweli ilikuwa na gia 8 za kwenda mbele na 4 za kurudi nyuma, tena dereva wake alishika usukani wa mviringo kama dereva wa basi. Hiki cha dukani hakikuwa na gia ya kubadilisha hata moja; mota mbili, kila mnyororo na yake, basi.

Sijui nilionyesha uso gani. Alinyamaza kidogo, akaenda nyuma ya kaunta, akarudi na kitu chake mwenyewe, kazi aliyokuwa hajaimaliza. Ilikuwa chesi ya lori, vyuma viwili virefu vya alumini na springi za nyuma za vyuma vilivyopangwa juu ya vingine, sawasawa na zile tulizokuwa tukizikalia gereji tukisubiri kutumwa soda. Katikati palikuwa na gia boksi, halijazidi kiganja, na bado hajalifunika. Akasukuma kijiti kimoja kwa ukucha wa kidole gumba, na ndani gia moja ndogo ikatelezea kwenye shafti, ikaacha meno ya mwenzake, ikashika ya mwingine. Tak. Akasukuma tena. Tak. Gia tatu.

"Zinabadilishwa kwa rimoti?" nikauliza.

"Kwa rimoti, linapokwenda."

Lilikuwa Scania R620, limepunguzwa mara 14, kifaa cha Tamiya wa Japani. Ekseli tatu, na mbili za nyuma zote zinavuta, kila moja na difu yake, yaani gia zinazopeleka nguvu ya mota kwenye matairi. Difu mbili! Mtoto wa dereva haulizwi mara mbili juu ya difu mbili. Rafuni kulikuwa na boksi lake jipya, na mzee akanifungulia nione: mifuko na mifuko ya skrubu, fremu za plastiki ambazo vipande havijakatwa, kebini nyeupe isiyo na rangi, matairi meusi ya mpira yenye harufu ya duka la spea. Bei yake ilipita euro 400.

Mzee hakunisukuma. Alisema tu kwamba kama nataka kucheza usiku ule ule nichukue kifaru, na kama nataka kazi mpaka baridi iishe nichukue lori. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viazi.

Nilisimama pale muda mrefu. Sikupiga hesabu yoyote ya maana, maana hesabu ilikuwa upande mmoja tu: kifaru nakiweza na chenji inabaki, lori siliwezi. Nilichokuwa nakiona ni lile gia boksi. Tak. Nikatoa zile 250 zote, nikaomba aniwekee lile boksi, nyingine nimalizie mwezi wa kwanza. Akaniandikia risiti kwa mkono.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

"Koti liko wapi?" mke wangu aliuliza.

Nikampa risiti. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi, akairudisha mezani. Nikamweleza yote, na kifaru nikakitaja, nikidhani ukweli utanisaidia.

"Subiri nielewe, baba watoto. Kile kizima, kinachotembea, mia mbili. Hiki kilichovunjika, mia nne."

"Hakijavunjika. Hakijaunganishwa."

"Haya."

Ile "haya" niliishi nayo mpaka Machi.

Jioni ile nilimpigia baba kumjulia hali, na katika kuzunguka nikamwambia. Nilitarajia aniseme, mzee amelea watoto sita kwa mshahara wa dereva na hajawahi kununua kitu cha kuchezea. Akauliza lori gani. Nikamwambia Scania. Akauliza linakujaje. Nikasema linakuja vipandevipande, nalifunga mwenyewe.

"Kama TAMCO," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Enzi zake Scania nyingi za Tanzania zilikuja hivyo hivyo, vipande ndani ya makasha, zikaunganishwa kiwandani TAMCO, Kibaha. La kwake la kwanza lilitoka pale, na alikwenda kulipokea mwenyewe likiwa bado linanuka rangi. Akanisimulia habari za siku ile kwa dakika ishirini, jambo ambalo hajawahi kunisimulia nikiwa nyumbani. Simu niliweka sauti kubwa makusudi, mke wangu asikie. Alikuwa anakatakata vitunguu, na nadhani alikata kwa nguvu zaidi.

Boksi lilifika Januari, na ndipo niliposoma maandishi ya ubavuni, tena si herufi ndogo: rimoti hamna, betri hamna, kifaa cha kuongozea mota hamna, mota ndogo za kugeuzia usukani na gia hamna. Hilo kosa ni langu mwenyewe, mzee alinionyesha boksi na mimi nilikuwa naangalia matairi. Basi nikafunga taratibu huku nikidunduliza. Meza ya jikoni ikawa gereji kuanzia saa mbili usiku. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akajiteua karani wa stoo: alipanga skrubu kwenye trei ya mayai kwa ukubwa, na hakuna skrubu iliyotoka bila kuombwa kwa adabu. Nilijifunza kwamba nyota ya skrubu za Kijapani si sawasawa na nyota ya bisibisi nilizokuwa nazo. Ukilazimisha, kichwa kinalika na hapo umekwisha. Nilizila tatu kabla ya kununua bisibisi yake. Nilijifunza pia kwamba grisi ya difu ikigusa kitambaa cha meza haitoki, na kwamba kitambaa kile kilitoka kwa mama mkwe.

Mwisho wa Machi vifaa vya umeme vikawa vimetimia, vingine vya mkononi. Nikaliinua lori juu ya vitabu viwili, matairi yaelee, binti akashika taa, mke wangu akaja akasimama mlangoni amekunja mikono. Nikasukuma kijiti cha rimoti. Mota ikalia, propela zikazunguka. Ekseli ya kati ikaenda mbele.

Ya nyuma ikarudi nyuma.

Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikaliweka chini, likatetemeka mahali pamoja kama mtu anayebishana na nafsi yake. Mke wangu hakusema kitu. Aliangua kicheko mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, na binti naye akacheka kwa kuwa mama anacheka.

Nikachukua video, nikamtumia mdogo wangu amwonyeshe baba. Haikupita robo saa simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Difu ya nyuma umeigeuza."

"Nimefuata mchoro."

"Mchoro umefuata wewe? Krauni, ile gia kubwa ya difu, imekaa upande wa pili. Fungua, igeuze, kushoto iwe kulia." Nikamsikia anamwambia mtu pembeni kwamba hata Makambako kulikuwa na fundi mmoja aliyefunga difu namna hiyo, gari likapata gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma. Sina hakika kama kisa hicho ni cha kweli. Nimekisikia mara nyingi, na kila mara mji unabadilika.

Nikafungua. Skrubu nne, kifuniko, grisi mpaka kwenye viwiko. Krauni ilikuwa upande wa pili.

Saa tano na nusu usiku lori likatoka jikoni kwa gia ya kwanza, polepole sana, likapita korido. Mke wangu aliweka mbele yake mfuko wa unga wa kilo moja, aone. Likausukuma. Nikatia gia ya pili, tak, ikasikika hadi sebuleni. Nikampigia baba tena, ingawa kwao ilikuwa imepita saa saba za usiku, na alikuwa macho, ananisubiri.

"Linavuta?"

"Linavuta, baba. Difu zote mbili."

"Gia zinaingia?"

"Zote tatu."

"Na breki?"

Nikamweleza kwamba breki zenyewe halina. Ukiachia kijiti mota inalishika, linasimama. Alikaa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Basi hilo," akasema, "Kitonga usishuke nalo."