Jinsi tulivyoipata njia yetu Fuoni, Unguja
Nyumba tulikabidhiwa, njia hatukukabidhiwa. Masika mawili tulivua viatu kwenye geti, na gari la skuli likakataa kuingia. Kila tukimpigia mjenzi: "Inshaallah wiki ijayo."

Kelele hazikusaidia, karatasi ndiyo iliyosaidia. Niliutoa mkataba kabatini nikausoma upya, taratibu. Nyuma kabisa, kwenye mchoro: njia ya lami, upana mita 6, mtaro upande mmoja. Sisi tulikuwa na kifusi tu! Baada ya laasiri nikapita nyumba kwa nyumba. Wenzangu 14 walikuwa na mchoro uleule, hakuna aliyewahi kuufungua. (Na mimi wangu nilikaa nao kabatini miaka miwili.)

Tukamwandikia mjenzi barua moja, saini zote, picha za madimbwi zenye tarehe, nakala kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu. Sheha akatuita barazani kwake, sisi na mjenzi. Mjenzi alipoanza habari za mvua, bibi mmoja akamtandazia mchoro: "Mwanangu, mtaro uko wapi hapa?"

Ahadi ya mdomo tuliikataa, mjenzi akaandika tarehe. Mtaro ukachimbwa kwanza, kisha lami. Kabla ya kusaini makabidhiano tulimwaga ndoo za maji njiani tuone yanaelekea wapi. Mbele ya nyumba ya tatu yalituama. Wakarudi kuparekebisha.