Wikendi ya metali na panki, kati ya Washington na Baltimore

Ndugu na marafiki wa huku Maryland wameshazoea kuambiwa "wikendi hii hayupo". Wengi hudhani nimechukua shifti ya ziada. Sivyo. Huwa niko kwenye shoo za metali na za hadikoo panki, yaani muziki wa gitaa zenye kelele, mmoja mzito na mwingine wa kasi, na wikendi iliyopita zilifuatana tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili magharibi, kiasi kwamba shingo bado inauma ninapoandika haya. Kila ninapolitaja jambo hili kwenye kundi letu la WhatsApp, swali ni lilelile: "Kaka, hizo kelele za wazungu wenye hasira unazitafutia nini?" Leo najibu kwa urefu.

Nianze na hilo la wazungu. Katika bendi zilizoipa hadikoo mwendo wake wa kasi, mojawapo ya zile kubwa kabisa ilitoka hapahapa Washington, na ilikuwa ya vijana weusi wanne: Bad Brains. H.R. aliimba, mdogo wake Earl Hudson akapiga ngoma, Dr. Know akashika gitaa na Darryl Jenifer besi. Walianza miaka ya 1970 wakipiga jazi ya kisasa, jazi ya mafundi, kisha wakageukia panki wakiwa na mikono iliyokwisha kufuzu. Ndiyo maana walipoongeza kasi hakuna aliyeweza kuwafuata kirahisi. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1982 kwenye kaseti, na jalada lake lina radi inayopiga kuba la Bunge la Marekani, kuba lilelile tunalowapeleka wageni kupigia picha. Walikuwa Marasta pia. Baada ya nyimbo fupi za kukatisha pumzi wanakuwekea rege, taratibu kabisa, halafu wanakurudisha mbio. Mtu aliyekulia kwenye rege, kama wengi wetu, akiisikiliza kaseti ile tangu mwanzo hadi mwisho hatahitaji mkalimani. Kwa hiyo ninapoingia kwenye kumbi hizi siingii kama mgeni wa mtu.

Ijumaa ilikuwa kanisani. Mnaocheka, subirini kwanza. Kanisa la Kiepiskopali la St. Stephen and the Incarnation, kule Newton Street, limekuwa likifungulia milango bendi za panki kwa miaka mingi. Mji huu una desturi yake: tangu mwaka 1985 kuna kundi la vijana wanaharakati linaloitwa Positive Force, ambalo limekuwa likiandaa shoo ambazo mapato yake yanakwenda kwa wasio na makazi, kwa wagonjwa, kwa wanaotetea haki. Panki ya Washington ilijifunza mapema kwamba ukishawakusanya watu mia mbili chumbani, unaweza pia kupitisha kopo la mchango.

Hakuna jukwaa la maana. Bendi inasimama sakafuni, usawa wako, na mwimbaji akinyoosha mkono amekufikia. Nyimbo ni fupi, nyingi hazifiki dakika mbili. Kinachomshangaza mtu anayekuja mara ya kwanza ni ile piti, yaani nafasi iliyo wazi mbele ya bendi ambako watu wanasukumana, wanakimbia kwa duara, wanarusha mikono na miguu. Ukiitazama kutoka mlangoni utasema ni ugomvi. Kaa nusu saa uone inavyokwenda. Pembeni kuna watu waliosimama imara, wengi wao wakubwa wa umbo, na kazi yao ni kuwakinga wasiotaka kuingia. Wamejipa kazi hiyo wenyewe, halipwi mtu. Anayetaka kuingia anaingia, anayetaka kutoka anainua mkono na njia inafunguka. Na sheria ya kwanza, ambayo haijabandikwa popote lakini kila mtu anaijua, ni kwamba akianguka mtu anainuliwa papo hapo.

Ijumaa ile nililiona hili kwa karibu. Binti mmoja aliteleza katikati ya wimbo, kwenye kishindo chenyewe, pale mdundo unapokatwa ghafla na gitaa kuwa zito na kila mtu kuruka. Kabla hajafika chini vizuri, mikono ya watu kama sita ilikwisha mfikia. Miwani yake ilimtoka. Kijana mmoja akaichukua, akainyoosha juu ya vichwa vya watu, akasimama hivyohivyo bila kutikisika mpaka mwenyewe alipoiona. Simu, viatu, funguo, vyote hurudishwa kwa namna hiyo. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, wiki nzima nainua watu, nawageuza, nawashika wasianguke. Naijua mikono inayoinua kwa moyo na ile inayoinua kwa sababu ya zamu. Niliyoiona pale ilikuwa ya moyo.

Jumamosi nilipanda treni ya MARC kutoka Union Station hadi Penn Station ya Baltimore. Baltimore ni mji mwingine kabisa, nawaomba wenzangu wa Silver Spring mwache kuuogopa. Ndiko walikotoka Turnstile, bendi iliyoanza mwaka 2010 kwenye kumbi ndogo kama hizi na leo inajulikana dunia nzima. Mwezi Mei 2025 walipiga shoo ya bure kwenye bustani ya Wyman Park Dell mjini kwao, watu wakafurika, na michango ikaenda kwa Health Care for the Homeless, shirika linalowatibu wasio na makazi hapo Baltimore. Bendi imekua, desturi ya kopo la mchango imebaki.

Mchana nilipita kwenye shoo fupi ya hadikoo, nzuri, sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya kwamba mpiga ngoma alikuwa mdogo kuliko mpwa wangu na alinitoa machozi. Usiku ndio ulikuwa wa metali.

Kwa wasiojua tofauti: hadikoo ni fupi, inakwenda moja kwa moja, na umati wote unaimba. Metali inajenga. Wimbo unaweza kuchukua dakika nane, ukapanda na kushuka, gitaa mbili zikajibizana kama waimbaji wawili wa taarabu wenye kisa kimoja. Uzito wake una historia ninayoipenda sana. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwandani, Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965, siku yake ya mwisho kazini, mashine ya mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono anaokandamizia nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi laini, na baadaye akalegeza nyuzi zake zikashuka chini ya kawaida. Sauti ile nzito, ambayo tangu hapo maelfu ya bendi wameifuata, imepita kwenye mkono wa mfanyakazi aliyeumia na akakataa kuacha. Sisi tunaofanya kazi za mikono kwenye nchi za watu tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa.

Bendi ya tatu usiku huo ilikuwa ya deth metali, ile ambayo mwimbaji ananguruma. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia hayo ni mapepo. Mama yangu, ni ufundi. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine miwili ambayo kwa kawaida haitumiki tunapozungumza, na mwimbaji anajifunza kuitikisa hiyo, kwa pumzi inayotoka tumboni. Anayenguruma kwa koo tupu sauti humwisha mapema. Yule wa Jumamosi alinguruma karibu saa nzima, kisha akashuka na kutushukuru kwa sauti laini kama ya mtangazaji wa redio.

Hapa nisimame kidogo kwenye jambo la masikio, maana ni zito na naona vijana wanalipuuza. Wataalamu wa usalama kazini hapa Marekani wanahesabu hivi: desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unapungua kwa nusu. Zikifika 100, na shoo nyingi zinafika, umebakiwa na dakika 15. Vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio ndivyo vinavyopokea sauti, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Vizibo vya masikio vya bei ndogo vinauzwa kila duka la dawa, na kumbi nyingi wanavyo kaunta ukiomba. Vile vya wanamuziki vinapunguza sauti bila kuivuruga, unasikia hata besi ikitembea. Mimi huweka na vya akiba mfukoni kwa ajili ya wageni, na Jumamosi niligawa vyote.

Baada ya shoo nilikwenda kwenye meza ya bendi. Nawasihi mnunue fulana. Tiketi mara nyingi inagawanywa kwa ukumbi, mwandaaji na bendi nne au tano, na fulana ndiyo inayojaza mafuta kwenye gari la kuelekea mji wa kesho. Kijana aliyekuwa akiuza aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Nimezoea yanayofuata kazini: simba, mlima, "Kiingereza chako kizuri". Yeye macho yalimng'aa, akauliza kama naijua bendi ya Duma, wale vijana wa Nairobi waliotoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Akaanza kunielezea jinsi walivyochanganya metali na mashine za elektroniki, akahamia kwa mwimbaji wao, Lord Spikeheart, na albamu yake ya peke yake ya mwaka 2024, na kwamba ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau. Nilisimama pale namsikiliza Mmarekani wa Baltimore akinisimulia habari za Muthoni wa Kirima kwa heshima kubwa, na sikutaka anyamaze. Tangu nihamie nchi hii sijawahi kuulizwa juu ya Afrika Mashariki kwa namna iliyonifurahisha vile. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza mwenzake aliye kwenye fani moja.

Treni za usiku wa wikendi ni chache, na nilirudi kwa lifti ya Msalvador mmoja, mtu wa El Salvador, anayeishi upande wetu wa Maryland. Ana watoto watatu, anapaka rangi majumba, na anajua deth metali ya Florida kama mwalimu anavyojua mtaala. Tuliongea njia nzima juu ya wapiga ngoma. Wasalvador ni wengi sana eneo hili na kwenye shoo hizi wamo, weusi wamo, Wafilipino wamo. Sisi wa Afrika Mashariki ndio tunaokosekana.

Jumapili mchana nilirudi Washington kwa shoo ya umri wote. Shoo za hadikoo za Jumapili mchana zilipata jina New York miaka ya 1980, pale kwenye ukumbi wa CBGB, na mpango huo unafaa sana kwa wenye kazi Jumatatu asubuhi: unaanza saa nane au tisa, ikifika saa moja jioni uko nyumbani. Watoto wanakuja na wazazi, wengine na vifuniko vikubwa vya masikio.

Mlangoni baunsa anachora X mgongoni mwa kiganja cha kila kijana asiyefikisha umri wa kunywa pombe. Alama hiyo ina asili yake hapahapa. Mwaka 1980 vijana wa bendi ya Teen Idles, akiwemo Ian MacKaye, walikwenda kupiga California na ukumbi mmoja wa San Francisco ukawachora X ili wauza vinywaji wawatambue. Waliporudi Washington wakaipendekeza kwenye kumbi za huku: tuchoreni, lakini mturuhusu tuingie tusikilize. Baadaye MacKaye, akiwa na bendi ya Minor Threat, aliimba juu ya kuishi bila pombe wala dawa za kulevya, na ile X ikawa alama ya fahari kwa maelfu ya watu duniani waliochagua njia hiyo. Mimi sinywi. Kwenye sherehe zetu za huku, naliandika hili kwa upendo, mtu asiyekunywa huulizwa mpaka achoke: unaumwa, umeokoka, unatubania? Jumapili ile nilikaa saa nne na maji yangu mkononi na hakuna aliyelitazama hilo.

MacKaye huyohuyo, alipokuwa na bendi nyingine, Fugazi, alishikilia miaka mingi kwamba kiingilio kiwe karibu dola 5 na umri wowote uingie, na mtu akimwumiza mwenzake muziki husimama mpaka atoke. Bendi ya mwisho ya Jumapili ilifanya vilevile. Jamaa mmoja alikuwa akitupa ngumi za kweli. Mwimbaji akakata wimbo, akaongea naye kwa adabu kwenye maikrofoni, jamaa akatolewa, wimbo ukaanza upya kutoka mwanzo. Umati uliimba kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na mimi nikiwemo. Wiki nzima sauti yangu ni ya chini: ndiyo bibi, samahani babu, nakuja sasa hivi. Pale natoa sauti yangu yote, na watu nisiowajua wanaitoa pamoja nami, na hakuna anayenigeukia kuuliza lafudhi hii ni ya wapi.

Wenye vijana wa sekondari, hasa wale wanaojifungia chumbani na vipokea sauti kichwani, waleteni kwenye shoo ya Jumapili mchana, na ninyi mkae nao. Viatu viwe vya kufungwa, hereni kubwa zibaki nyumbani, mje na fedha taslimu kidogo za mlangoni na za fulana. Nipigieni mkifika. Mimi husimama kushoto karibu na spika, na siku hiyo nitabeba vizibo vya kutosha familia nzima.